Mgongo wa kijana ukipinda, pima kwanza kabla ya kunyoosha

Samaki mkunje angali mbichi, wasema wahenga. Methali hii huwa tunaitumia tukizungumza juu ya malezi, lakini kwa mgongo wa mtoto ina maana ya moja kwa moja. Uti wa mgongo unaopinda mtoto akiwa bado anakua unaweza kuzuiwa usizidi kupinda. Akishamaliza kukua, nafasi hiyo imepita, na mgongo uliokwisha kupinda sana hauna njia nyingine ya kunyooshwa ila upasuaji.

Katika miji yetu, mzazi anayegundua kwamba bega moja la bintiye liko juu kuliko la pili hupewa ushauri wa kila aina. Jirani humwelekeza kwa mkandaji hodari. Mwenzake wa kazini humwambia kuna tabibu wa kairopraktiki anayenyoosha mgongo kwa mikono hadi mifupa ikalia. Nyanya naye husema mtoto aache kubeba mkoba mzito na mgongo utarudi wenyewe. Miezi inapita, fedha zinatumika, na mtoto anaendelea kurefuka. Msomaji, miezi hiyo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi katika matibabu ya ugonjwa huu, na makala haya yanahusu jinsi ya kuitumia vyema.

Skoliosisi ni nini?

Ukimtazama mtu kwa nyuma, uti wake wa mgongo unapaswa kushuka moja kwa moja kutoka shingoni hadi matakoni. Kwa mwenye skoliosisi, uti huo huenda upande mmoja mfano wa herufi C, au huenda upande huu kisha ukarudi upande wa pili mfano wa herufi S. Tena si kupinda tu. Pingili za mgongo hujizungusha kama nguo inayokamuliwa, na huzivuta mbavu pamoja nazo. Ndiyo sababu upande mmoja wa mgongo huinuka mtoto anapoinama. Hali hii isichanganywe na kibiongo, ambapo mgongo hutokeza kwa nyuma.

Aina inayowapata vijana wengi huanza wakati wa balehe, kati ya umri wa miaka 10 na 16. Kati ya vijana 100 wa umri huo, wawili au watatu hivi huwa na mgongo uliopinda kwa digrii 10 au zaidi. Wengi wao hawahitaji matibabu makubwa. Migongo iliyopinda kidogo huonekana karibu sawa kwa wavulana na wasichana, lakini ile inayopita digrii 30 huwapata wasichana mara nyingi zaidi.

Wataalamu hawajapata chanzo kimoja cha aina hii. Kinachojulikana ni kwamba huandama ukoo: msichana ambaye mama au dada yake ana mgongo uliopinda anafaa kukaguliwa mapema. Yanajulikana pia mambo ambayo hayaileti. Mkoba mzito wa shule, kubeba mtungi wa maji, kulala upande mmoja na kukaa vibaya darasani vinaweza kumpa mtoto maumivu ya mgongo, lakini havisababishi skoliosisi. Wala mtoto hakurogwa, na wala si kosa la mama aliyembeba mgongoni.

Mkague mtoto kila likizo

Ugonjwa huu huanza kimyakimya. Kwa kawaida hauumi sana mwanzoni, na kwa hivyo mtoto halalamiki. Hapa Eldoret, mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi humfanya mwanafunzi akae na sweta tangu asubuhi hadi jioni, na wazazi wengi hununua sweta kubwa ili idumu. Mgongo hujificha humo. Isitoshe, watoto wengi huwa katika shule za bweni katika miaka ile ile wanayorefuka kwa kasi, na mzazi humwona mtoto Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Binti wa miaka 13 naye huona haya kuvua nguo hata mbele ya mama yake.

Kila likizo, tenga dakika tano. Mama, shangazi au dada mkubwa amkague msichana. Baba au mjomba amkague mvulana. Mgongo uwe wazi, mtoto abaki na kaptura, na msichana abaki pia na sidiria. Kisha fanya hivi:

Kwanza, asimame wima, miguu pamoja, mikono ikining'inia. Tazama kama bega moja liko juu, kama kombe moja la bega limetokeza kuliko jingine, na kama nafasi kati ya mkono na kiuno ni sawa pande zote mbili. Fundi wa kushona mara nyingi huwa wa kwanza kujua, kwa kuwa sketi ya sare hukaa kombo kila akiipima.

Pili, chukua uzi na uufunge nati au jiwe dogo, mfano wa timazi ya mwashi. Ushikilie kwenye mfupa unaotokeza chini ya shingo, kwa nyuma. Uzi unapaswa kushuka hadi katikati ya matako. Ukiangukia upande mmoja, mgongo umeegemea.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, ainame mbele polepole bila kukunja magoti, viganja vikiwa pamoja kana kwamba anataka kupiga mbizi. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yawe sawa na mgongo. Upande mmoja wa mbavu au wa kiuno ukiinuka kama kilima kidogo huku mwingine ukibaki chini, hiyo ni dalili ya pingili kujizungusha. Kipimo hiki kilielezwa na daktari mpasuaji wa London, William Adams, mwaka 1865, na hadi leo bado kinatumika.

Ukiona dalili yoyote kati ya hizi, mpeleke mtoto kwa daktari katika wiki chache zijazo. Usingoje likizo nyingine.

Digrii zina maana gani?

Daktari akishuku skoliosisi ataagiza picha ya eksirei ya mgongo mzima, mtoto akiwa amesimama. Picha ya mtoto aliyelala haitoshi, maana mgongo hujinyoosha kiasi anapolala. Kwenye picha hiyo hupimwa pembe kati ya pingili zilizoinama zaidi juu na chini ya kona. Njia hii ya kupima ilielezwa na Mmarekani John Cobb mwaka 1948, na ndiyo inayotumiwa duniani kote.

Chini ya digrii 10, hiyo si skoliosisi. Kati ya 10 na 25, mtoto anayekua hupimwa tena kila baada ya miezi minne hadi sita, na hufundishwa mazoezi. Kati ya 25 na 40, ikiwa bado anakua, huvalishwa koti gumu la plastiki la kushikilia mgongo. Ikifika 45 au 50, huzungumzwa habari ya upasuaji.

Lakini digrii peke yake hazitoshi. Lazima ijulikane ni kiasi gani cha ukuaji kilichobaki. Msichana wa miaka 11 ambaye hajavunja ungo, mwenye digrii 22, yuko katika hatari kubwa kuliko yule wa miaka 16 mwenye digrii 28 aliyeanza hedhi miaka mitatu iliyopita. Wa kwanza bado ana kipindi kizima cha kurefuka mbele yake; wa pili karibu amemaliza. Daktari ataangalia pia mfupa wa nyonga kwenye picha, ambao huonyesha jinsi mifupa ilivyokomaa. Kwa hiyo mama, unapokwenda hospitali, nenda na tarehe binti alipopata hedhi ya kwanza.

Baada ya kukua, mgongo ulio chini ya digrii 30 kwa kawaida hukaa hapo hapo. Ule uliopita 50 huelekea kuendelea kupinda polepole, wastani wa digrii moja hivi kwa mwaka, hata utu uzimani. Shabaha ya matibabu yote ya ujana basi ni moja: mtoto afike mwisho wa kukua kabla mgongo haujafika 50.

Je, kairopraktiki inaweza kunyoosha mgongo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Kairopraktiki ilianzishwa na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Tabibu wa aina hii husukuma viungo vya mgongo kwa mikono, kwa nguvu ya ghafla lakini ndogo, mpaka kiungo kikalia. Katika Afrika, fani hii hufundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, nchini Afrika Kusini. Mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno anaweza kupata nafuu kwa tiba hii, na hilo halina ubishi mkubwa.

Skoliosisi ya kijana ni jambo jingine. Ule mlio unaosikika si wa mfupa kurudi mahali pake; ni wa hewa iliyo ndani ya majimaji ya kiungo. Pingili za mwenye skoliosisi hazikuteguka. Zimekua kombo, upande mmoja ukawa mwembamba kuliko mwingine, na kusukumwa kwa sekunde moja hakuwezi kubadili namna mfupa unavyokua. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa kairopraktiki wenyewe. Vijana 42 waliopinda chini ya digrii 20 walitibiwa kwa mikono, wakapewa visigino vya kuinua mguu na ushauri wa namna ya kukaa na kusimama. Tiba hiyo haikuonekana kubadili kupinda kwa migongo yao.

Utasema, mbona fulani alionyeshwa picha mbili na digrii zikawa zimeshuka? Hapa msomaji kuwa macho. Madaktari wawili wakiipima picha moja, wanaweza kutofautiana kwa digrii tatu hadi tano. Mtoto akisimama vingine, tofauti huongezeka. Kwa hivyo ukiambiwa mgongo ulikuwa 18 na sasa ni 15, hujaambiwa kitu. Mabadiliko huhesabiwa yakipita digrii tano.

Jihadhari pia na anayepiga picha ya eksirei kila mwezi ili kukuonyesha maendeleo. Wanawake wa Marekani waliopigwa picha nyingi za mgongo walipokuwa wasichana walifuatiliwa kwa miaka mingi, na ikaonekana kwamba saratani ya matiti iliwapata zaidi ya wanawake wengine. Picha zipigwe chache iwezekanavyo, na kwa msichana zipigwe miale ikitokea nyuma.

Hayo hayo yanamhusu mkandaji. Kukandwa kwa mafuta kunaweza kulegeza misuli iliyokaza, na mtoto akasikia raha. Ubaya ni pale mzazi anapoambiwa, "Mlete mara 20 utaona mgongo umenyooka," naye akaahirisha safari ya hospitali. Mara 20 kwa wiki moja moja ni miezi mitano. Kwa mtoto anayerefuka kwa kasi, miezi mitano inatosha kuutoa mgongo katika hali ya kuvalishwa koti na kuupeleka katika hali ya kupasuliwa.

Mazoezi yenye mpango

Tiba ya mazoezi ni tofauti na kukandwa, kwa kuwa mtoto mwenyewe ndiye anayefanya kazi. Njia inayojulikana zaidi ilianzishwa na Mjerumani Katharina Schroth, aliyezaliwa mwaka 1894 na ambaye yeye mwenyewe alikuwa na mgongo uliopinda. Alipotazama mpira uliobonyea ukijazwa hewa, aliwaza kwamba huenda upande wa kifua uliobonyea nao ungeweza kujazwa kwa pumzi. Alifungua kituo chake mjini Meissen mwaka 1921.

Mtoto husimama mbele ya kioo, hujirefusha, huusogeza mwili kutoka upande uliotokeza, kisha huvuta pumzi kwa kuielekeza kwenye upande uliobonyea, huku misuli ikikazwa. Mazoezi hulingana na umbo la kupinda kwa kila mtoto. Ya jirani hayamfai wako. Uchunguzi uliofanywa Ulaya na Canada umeonyesha kwamba yanaweza kusaidia kuzuia mgongo mdogo usizidi na kuuimarisha mwili, ingawa ushahidi wake hauna nguvu sawa na ule wa koti. Faida huja kwa anayefanya kila siku, nusu saa hivi, kwa miezi na miaka.

Mtaalamu wa mazoezi haya ni mhudumu wa fiziotherapia. Nchini Kenya wahudumu hawa husimamiwa na baraza lao, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2014. Una haki ya kumwuliza leseni yake kabla hajamgusa mtoto.

Na michezo je? Mtoto asizuiliwe kukimbia, kuogelea wala kucheza mpira. Katika mji huu wa wanariadha inafaa kukumbuka kwamba Usain Bolt wa Jamaica, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, ameeleza hadharani kwamba ana skoliosisi na kwamba ilimbidi kuimarisha misuli ya mgongo na tumbo ili aweze kushindana.

Koti la plastiki

Hii ndiyo tiba isiyo ya upasuaji yenye ushahidi mkubwa zaidi. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa vijana 242 wa Marekani na Canada. Kati ya waliovaa koti, 72 kwa kila 100 walimaliza kukua bila kufika digrii 50. Kati ya waliofuatiliwa tu bila koti walikuwa 48. Uchunguzi ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Koti zilikuwa na kifaa cha kuhesabu saa, na ikabainika kwamba waliovaa kwa saa 13 au zaidi kila siku, wastani, zaidi ya 90 kwa kila 100 walifaulu.

Kumbuka kwamba hata bila koti, karibu nusu hawakufika 50. Huko ndiko sifa za matabibu wengi zinakotoka: mgongo ambao haungeendelea kupinda hata hivyo hudaiwa kuwa umeponywa.

Koti hutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtoto, huvaliwa juu ya fulana ya pamba, na hubadilishwa anapokua. Huvuliwa wakati wa kuoga na wa michezo. Halipendezi, na mtoto atalia. Zungumza na mwalimu mkuu na matroni wa bweni, upeleke barua ya daktari, na mwache mtoto achague nani wa kuambiwa miongoni mwa wenzake. Hapa sweta kubwa ya Eldoret inakuwa rafiki, kwa kuwa koti halionekani ndani yake.

Upasuaji na hofu zake

Mgongo uliopita digrii 50 unaweza kunyooshwa kwa vyuma na skrubu, na pingili zikaunganishwa. Ni kazi kubwa ya daktari bingwa, yenye hatari zake, na haifanywi kwa sababu ya sura pekee. Mgongo wa kifuani ukipinda kupita kiasi hubana mapafu. Wengi hurudi shuleni na kuishi maisha ya kawaida.

Hofu inayowanyima usingizi wazazi wa wasichana ni kuhusu ndoa na uzazi. Wanawake wengi wenye skoliosisi ya aina hii hushika mimba na kujifungua kama wengine, iwe walipasuliwa au la. Binti aambiwe hivyo mapema, kabla hajasikia maneno ya mtaani.

Dalili za hatari

Kuna migongo ambayo haifai kuguswa na mtu yeyote kabla ya daktari kuichunguza. Mtoto apelekwe hospitali haraka ikiwa ana maumivu makali yanayomwamsha usiku; homa, jasho la usiku na kukonda; udhaifu au ganzi miguuni; kushindwa kuzuia mkojo au choo; au mgongo ulioanza kupinda kabla ya miaka 10.

Katika nchi yetu, kifua kikuu kingali kinashambulia uti wa mgongo. Percivall Pott wa London alikieleza kilema chake mwaka 1779. Pingili huliwa na kuporomoka, na mgongo hutokeza kwa nyuma kama ncha. Mgongo huo ukisukumwa kwa nguvu, mtoto anaweza kupooza. Ukitibiwa mapema kwa dawa za kifua kikuu, hupona. Tofauti ya mambo haya mawili ni picha moja na vipimo vichache.

Mahali pa kwenda

Anza katika hospitali iliyo karibu nawe. Wakazi wa Eldoret na kaunti za jirani wanaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa mwaka 2015. Wengine hupelekwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, au Kijabe, ambako hospitali ya AIC CURE imekuwa ikitibu watoto wenye matatizo ya mifupa tangu 1998. Kabla ya safari, uliza ni gharama zipi zinazolipwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Ikiwa baada ya kupimwa bado unataka kumpeleka mtoto kwa tabibu wa kairopraktiki ili apunguziwe maumivu, mwulize mambo matatu. Ameiona picha ya mgongo? Anakubali mtoto aendelee na koti na mazoezi? Atakurudisha kwa daktari lini? Anayekuahidi mgongo ulionyooka, au anayekwambia uache koti, aga uende zako.

Likizo hii, msimamishe mtoto kwenye mlango, uchore alama ya urefu wake na uandike tarehe. Likizo ijayo, chora tena. Alama ya pili ikiwa imeruka juu sana, ujue amo katika miezi ile ile tuliyoizungumzia. Mwambie ainame, nawe utazame mgongo.